Meseji Tuliyoiandika Bustanini

Mchumba wangu alikuwa anajiandaa kuleta barua ya posa, na mimi nilikuwa sijamwambia kwamba nina usonji, hali ya kuzaliwa nayo inayofanya ubongo upokee kelele, mguso na maneno ya watu kwa namna tofauti. Shauri hilo ndilo nililowapelekea wenzangu Jumapili ile.

Niligunduliwa ukubwani. Mpwa wangu alipimwa, daktari akaanza kuuliza habari za ukoo mzima, na maswali yakaniangukia mimi. Mpwa wangu alipata mwalimu wa kumsaidia. Mimi nilipata mshauri mmoja aliyenifundisha kumtazama mwanamume machoni huku nahesabu kimoyomoyo mpaka tatu, halafu nitabasamu. Nilifuata. Nilikuwa narudi nyumbani kichwa kinagonga, wala sikumbuki hata neno moja alilosema mwenzangu. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi nataka mume wa namna gani. Watu wanadhani hatupendi. Tunapenda, tena sana.

Kikundi chetu kilikuwa cha watu wazima wenye usonji, tuliofahamiana mmoja kupitia mwingine. Tulikutana Bustani ya Mimea, jirani na Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam, kwa sababu Jumapili maeneo yale ya Posta hutulia, na pana miti mikubwa ya tangu enzi za Wajerumani. Tausi walikuwa wanapita karibu yetu. Hapo hakuna aliyelazimika kumtazama mwenziwe. Mmoja alikuwa anasuka ukili muda wote, mwingine anasikiliza huku anauzunguka mti, na kila mtu alijua anasikilizwa.

Nikawaeleza yote: posa, kicheni pati, sendofu, ukumbi, mshereheshaji, spika kubwa kama kabati, mashangazi wanaokukumbatia kabla hujajua wako nyuma yako. Na katikati ya hayo yote, mwanamume ninayempenda ambaye hajui kwa nini wakati mwingine nanyamaza.

Dada mmoja, mwalimu wa hesabu, akasema nisimwambie kabisa mpaka ndoa ipite. Yeye alimwambia wa kwake, na wiki ileile mshenga akaacha kupokea simu. Aliyasema hayo macho yake yakiwa chini, mikono imekaza pindo la khanga. Sikumlaumu, na simlaumu hata leo. Aliyeumwa na nyoka ana haki ya kuogopa.

Kaka mmoja, fundi simu wa Kariakoo, mwenye mke na watoto, akapinga. "Ukificha, utaigiza ndani ya nyumba yako mwenyewe. Utaigiza mpaka lini? Mimi na mke wangu maneno yakikwama tunaandikiana meseji, yeye yuko jikoni, mimi sebuleni. Siku nikirudi nimezidiwa na kelele za mjini, natundika kofia kwenye msumari wa mlangoni. Akiiona, anajua asiniulize kitu mpaka nimekula."

Nilitamani kofia ile kuliko ukumbi wowote.

Yule wa ukili, mpenda kusoma kuliko sote, akatukumbusha kuhusu Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye naye ana usonji. Mwaka 2012 aliandika kwamba kutoelewana kati yetu na wasio na usonji kuna pande mbili: nao pia wanashindwa kutusoma. "Basi mchumba wako naye ana la kujifunza," akasema. "Atajifunzaje usipomwambia?" Nilipotaja kauli ya shangazi yangu kwamba mtu wa aina yangu haolewi, akanijibu kwamba Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unaitaja ndoa waziwazi katika ibara ya 23.

Nikatoa simu nikaandika. Mwalimu wa hesabu, yuleyule aliyenikataza, akaomba aisome. Akaanza kufuta. "Samahani ya nini? Na hii nyingine? Umemkosea nini huyu?" Alipomaliza ikabaki hivi:

"Nina usonji. Nimezaliwa nao. Nikikaa kimya sijakasirika, nimechoshwa na kelele. Ukitaka kunishika, niambie kwanza. Ukisema tutaonana, nitajie siku na saa. Nakupenda, na nataka ulijue hili kabla ya barua."

Nikaituma. Tiki zikawa za bluu, kisha kimya. Fundi akaniambia maana yake ameisoma tu, nisiongeze maana nyingine juu yake.

Jibu lilinikuta ndani ya mwendokasi, nimesimama. Lilikuwa maswali matupu. Wazee waje wangapi? Ngoma iwepo au isiwepo? Na la mwisho: "Mimi nikiudhika, utajuaje?" Hilo sikuwa na jibu lake, nikawatumia wenzangu. Fundi akajibu kabla sijashuka: "Mwambie aseme kwa mdomo. Wangu husema."

Aliposoma hayo, mchumba wangu akaandika kwamba atasema, na akataja siku na saa ya kuja.

Barua ililetwa asubuhi, na wazee wachache, bila spika. Shangazi alinung'unika mpaka chai ikapoa. Mwalimu wa hesabu alikaa nami chumbani, na kila mgeni aliyeingia mikono wazi alimsimamisha mlangoni, akamwambia aniulize kwanza. Wengi waliuliza. Wachache niliwakubalia.