C tatu

Kile kipindi kirefu cha kukaa nyumbani baada ya matokeo ya fomu foo kila mtu alikuwa bize kunipongeza na kuniuliza nimepangiwa wapi na mkeka wa TAMISEMI, ile orodha ya serikali ya nani kapangiwa shule gani, unatoka lini, ila hakuna hata mmoja aliyenikalisha chini akaniambia kwamba C ya kule sio C ya huku. Fomu foo C inaanzia 45. Huku A-level, fomu faivu na siksi, C inaanzia 60. Yani zile 50 na kitu za Fizikia nilizokuwa nazipata kwenye moko, ule mtihani wa majaribio, nikatembea kifua mbele, huku ni D, zikiteleza kidogo tu chini ya 50 ni E, na mtu wa 34 ambaye fomu foo ana D yake na maisha yanaenda, huku anasomeka F. Hata A wameihamisha kutoka 75 kwenda 80. Mwalimu alituandikia ubaoni wiki ya kwanza, kushoto madaraja ya zamani kulia ya sasa hivi, alaf akatulia tu anatuangalia. Darasa zima kimya, na hili darasa huwa halina kimya.

Basi niko PCB, yani Fizikia, Kemia na Baiolojia, shule ya kutwa huku mjini, nyumbani Gongo la Mboto. Kombi nimechagua mwenyewe na bado naipenda, japo wakati wa kuchagua nilizunguka sana maana siku hizi tahasusi sio zile kumi na sita walizosoma kaka zetu, tangu 2024 zimekuwa 65, ukianza kuzisoma zote unajikuta unatamani hata kitu ambacho hukuwahi kukiwaza. Nikasoma mpaka macho yakauma nikarudi kule kule PCB.

Sasa malengo. Darasani kwetu kila daftari ukiligeuza nyuma limeandikwa wani ya tatu, yani divisheni wani ya pointi 3, A zote tatu kila moja pointi 1, wengine wameremba na rangi kabisa. Siwacheki, kipanga wetu mmoja namwona kabisa anaipata. Ila mimi nikikaa na ile namba hainiambii kitu cha kufanya Jumanne usiku nikiwa nimechoka na nina maswali ya projektailo hayajaguswa. Nikapiga hesabu yangu nyingine. Divisheni wani inaanzia pointi 3 inaishia 9, na C ni pointi 3, kwa hiyo C tatu ni 9, bado uko ndani ya wani. Maana yake 60 Fizikia, 60 Kemia, 60 Baiolojia. Hiyo nikaona ni namba ninayoweza kuikata vipande, kila tesiti nikirudishiwa karatasi naangalia nimepungukiwa ngapi kufika 60 na zimepotelea topiki gani, halafu napambana na hiyo topiki, basi. Nikaandika C tatu kwenye karatasi nikabandika ukutani juu ya kitanda.

Mama kaiona hajapenda hata kidogo. "Mwanangu ndo unaanza na C? Fomu foo hukuniletea C." Nikamwelekeza hizo 45 na 60, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa nimekuelewa lakini hiyo karatasi wageni wasiione.

Kaka naye alivyokuja wikiendi kutoka chuoni Mlimani akaanza na lake. Anasema huku NECTA, baraza la mitihani, unahangaika pointi ziwe ndogo, ukimaliza tu ukienda kuomba chuo, TCU, tume ya vyuo vikuu, wanazigeuza, A inakuwa 5, B 4, C 3, D 2, E 1, kule ukitaka kupita unatakiwa uwe nazo nyingi. Tukakaa tunazihesabu pale sebuleni, tukagundua C peke yake ndo haihami, huku 3 kule 3, C tatu zangu ni 9 kote kote. Nilifurahi kama mjinga. Yeye akanikata, "dogo, kwa 9 hiyo udaktari Muhimbili utausikia redioni, ushindani wa pale sio wa kitoto." Najua kaka, shikamoo. Sijasema naishia hapo, nimesema chini ya hapo sishuki, na kama mwezi wa tano huu wa mwakani bado nasukumana na 60 basi ya kupanda juu zaidi tutayajadili wakati huo na sio leo.

Kitu kinachonitisha kwa kweli sio madaraja, ni muda. Watu wanasema A-level miaka miwili, miwili ipi? Tumeanza Julai, mtihani wa taifa wa fomu siksi ni Mei, sio hii inayokuja, ile ya pili. Ukitoa likizo na moko na siku za mvua Dar inapojaa maji kila mtu anakwama njiani, utajua mwenyewe umebaki na nini. Alaf mimi siku yangu inaliwa na barabara. Naamka saa kumi na nusu niwahi daladala kabla makonda hawajaanza kutuchagua, maana denti nauli yake ni ndogo na konda akiona sketi ya shule anakuangalia kama umekuja kumkopa. Kutoka Gongo la Mboto, Ukonga, Banana, Jet mpaka uivuke TAZARA, ukikosa siti hapo hausomi kitu unashikilia bomba tu. Nikipata siti nasoma Baiolojia, saitoloji inasomeka hata kwenye foleni kwa sababu ni kusoma na kujihoji. Fizikia haikubali, inataka kalamu na meza. Kemia oganiki najaribu kuzichora zile rieksheni kichwani, nusu zinatoka nusu zinagoma.

Usiku ndo kuna vita. Jirani akiwa na shughuli singeli inapigwa mpaka madirisha yanacheza, na mimi sio mtu wa kukesha, wenzangu wanapiga msuli mpaka saa nane na asubuhi darasani wanalala na mate. Nimejipangia saa moja na nusu za Fizikia tu, kila siku ya shule baada ya kula, maswali sio notsi, alaf nalala. Jumamosi naenda Maktaba Kuu pale Bibi Titi, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere 1967, kuna utulivu ambao kwetu sijawahi kuuona na hakuna wa kukutuma chumvi dukani. Kule ndo nafanyia pasti pepa, naweka simu mbali, nahesabu muda kama wa mtihani.

Tuisheni sijaamua. Karibu nusu ya darasa walipiga prifomu faivu, yale masomo ya kabla fomu faivu haijaanza, na inaonekana, topiki zinazonipa shida mimi wao wanarudia. Mama kasema nimpe jina la somo moja tu, sio matatu, hela ya moja atatafuta. Moyo unasema Fizikia ila nikiangalia karatasi za tesiti Kemia ndo iko mbali zaidi na 60, Fizikia ni uoga tu. Na BAM nayo ipo, hesabu zile haziingii kwenye pointi za divisheni kwa hiyo watu wanaipuuza, mimi naipenda kwa sababu inanisaidia kwenye Fizikia. Mama kusikia haihesabiwi akauliza, "sasa hiyo ndo utaniletea A?"

Ijumaa tuna tesiti ya Kemia. Nikiirudishiwa namwambia mama somo.