Siku moja maishani mwangu: kisiwa cha jikoni, Bwiru, Mwanza

Saa 12:30 asubuhi. Nipo Nyakato napakia makabati matatu ya chini kwenye kirikuu, yale ya dukani yenye rangi na kitako tayari. Ndiyo yatakuwa kisiwa, yaani kaunta inayosimama peke yake katikati ya jiko. Kila moja upana sentimita 60, kina 60. Dereva anataka kuyalaza. Nakataa: yasimame, yafungwe kamba, maana milima ya Bwiru haina huruma na viungo vya MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa.

Saa 2. "Mwangaluka mayu," namsalimu mwenye nyumba. Anacheka, anaitikia, kisha anaanza: "Fundi, hicho kisiwa kisogeze karibu na jiko, nisitembee sana." Sibishani. Naweka maboksi matupu pale anapotaka, namwomba afungue mlango wa oveni ainame kama anatoa keki. Kiuno kinagonga boksi. Tunakubaliana mita 1 kila upande.

Saa 3 mpaka saa 6 ndiyo kazi yenyewe. Kabati la dukani limeundwa kuegemea ukuta. Likikaa katikati ya jiko, mtoto mmoja akining'inia kwenye droo linaweza kumwangukia. Kwa hiyo nachora umbo la vitako sakafuni, naingia ndani ya mstari kwa unene wa ubao, nafunga mbao za mbili kwa nne kwa skrubu na fisha, vile vidude vya plastiki vinavyoingia kwenye tundu kushika skrubu. Kwenye marumaru drili inaanza bila kugonga. Ukiwasha ya kugonga mapema, kigae kinapasuka. Sakafu hii inamwaga maji kuelekea mlango wa nyuma, basi pimamaji na kabari vinakula muda. Makabati nayaunganisha kwanza: mbao mbili za milimita 16 ni 32, skrubu ni ya 30, ncha isichungulie upande wa pili. Kisha tunayashusha yavae zile mbao na kuyakaza kutoka ubavuni. Nasukuma kwa bega. Kimya.

Saa 7. Ugali wa muhogo na sato. Sina la kuongeza.

Saa 8. Mgongo wa makabati. Ule wa dukani ni milimita 3, wa kuzuia mende tu, na upande huo ndio watakaokaa watu na kupiga mateke. Nafunika kwa ubao wa milimita 18, kingo za chini napaka vanishi mara mbili. Maji ya deki yakiingia kwenye MDF, ubao unavimba na haurudi.

Saa 10 graniti inafika. Mwanza tumezungukwa na mawe hadi kwenye nyua zetu, lakini graniti ya jikoni tunainunua kwa bei ya kulia! Hii ni sentimita 185 kwa 90, unene 2, kama kilo 90. Wanne tunaibeba imesimama wima. Ukiilaza mikononi inaweza kukatika kwa uzito wake. Upande wa stuli inatokeza sentimita 25, kwa hiyo vyuma vya kushikilia vimeshafungwa chini. Silikoni, tunaiteremsha taratibu. Kimo sasa ni karibu sentimita 90.

Saa 12 jioni. Mama anatuma fedha iliyobaki kwa simu. Mdogo wake ameshavuta kiti.

"Dada, hapana. Mpaka kesho silikoni ikauke."

"Hata kuegemea?"

"Hata kuegemea." Stuli zinunuliwe za sentimita 65, magoti yapate nafasi.