Tunakwenda Kutembea, Bahari Ndiyo Inayopanga Saa

Nyumbani kwetu Kikwajuni, mjini Unguja, siku ya kuwatembeza watoto haipangwi kwa kalenda ya ukutani peke yake. Mama mkwe wangu, aliyezaliwa na kukulia Bwejuu, huuliza kwanza mwezi umeandama lini, ndipo aseme kama siku hiyo inafaa kwenda pwani ya mashariki au haifai. Sisi wa mjini tumewaachia hesabu hizi wavuvi na wanawake wanaokwenda kutafuta pweza, na mimi ninaamini kwamba mzazi yeyote wa Unguja anayetaka watoto wake waifurahie bahari kwa salama anazihitaji vilevile.

Hesabu yenyewe si ngumu. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa usiku na mchana mmoja, na kila siku saa hizo huchelewa kwa karibu dakika 50. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, ndipo huja bamvua, wakati maji yanapojaa sana na kupwa sana, na tofauti baina ya kujaa na kupwa yaweza kufika mita 4. Siku za bamvua maji huwa yamekupwa kabisa kama saa nne asubuhi, na kujaa kama saa kumi alasiri. Mwezi ukiwa nusu huwa ni maji mafu, na mambo hugeuka: asubuhi bahari imejaa kwa kiasi, na alasiri ndiyo hupwa. Anayetaka watoto waogelee Paje au Jambiani asubuhi achague siku za maji mafu. Anayetaka watembee juu ya mwamba na kuona viumbe vya baharini achague bamvua, kwa sababu wakati huo bahari hurudi nyuma hata ukaiona kwa mbali kama mstari mweupe wa mawimbi penye mwamba wa nje.

Jumapili hii ilikuwa bamvua, na tukaenda Bwejuu. Tulitoka baada ya sala ya alfajiri, tukiwa na kikapu chenye mkate wa kumimina, katlesi, ndizi mbivu na maji ya kunywa mengi kuliko tuliyodhani tutayahitaji, na tukafika maji yakiwa bado yanapwa. Bibi yao alijifunga kanga vizuri, akashika bakora yake, akawapanga wajukuu nyuma yake. Akawaambia kila mmoja avae viatu vya mpira, akanyage mchanga na si matumbawe, na akiinua jiwe alirudishe kama alivyolikuta, kwa kuwa chini yake pana wenyewe. Mdogo alipotaka kubeba kiti cha pweza, yule kiumbe mwenye umbo la nyota, bibi yake alimwambia kwa upole, "Mwache, mjukuu wangu. Akitoka majini hatakufa papo hapo mbele yako, lakini atakufa." Mtoto akamrudisha, kisha akachuchumaa kumtazama kwa muda mrefu. Waliona majongoo ya pwani, kaa wadogo wanaokimbia upande, samaki walionaswa katika vidimbwi wakingoja maji yarudi, na wale wadudu wenye miiba mirefu myeusi ambao sababu ya kuvaa viatu ni wao.

Jambo moja ambalo mama mkwe hulisema kila mara, nami ninaliandika hapa kwa sababu linagusa usalama wa watoto, ni kwamba maji ya bamvua hayarudi kwa kuja mbele yako kama mtu anayebisha hodi. Huingia kwanza kwenye mikondo na mabonde yaliyo baina yako na nchi kavu, na mtu anayetazama mwamba wa nje hana habari kwamba nyuma yake maji yamekwisha kufika magotini mwa mtoto. Kwa hiyo sisi hugeuka kurudi pale tu maji yanapoanza kusimama, wala hatungoji yajae.

Tukiwa njiani kurudi tulipita kwenye mashamba ya mwani, ambako akina mama walikuwa wakifunga mbegu kwenye kamba zilizovutwa baina ya vigingi. Kilimo hiki kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na kwa zaidi ya kizazi kimoja kimewapa wanawake wa pwani hii fedha iliyo mikononi mwao wenyewe. Watoto waliamkia, wakaruhusiwa kushika kamba. Mama mmoja aliwaeleza kwamba mwani wenye bei nzuri siku hizi hufa kwa joto la maji ya ufukoni, na ndiyo maana baadhi yao wameanza kuupanda kwenye kina kirefu zaidi, jambo ambalo ni gumu kwa asiyejua kuogelea. Binti yangu mkubwa hakusema kitu pale pale, lakini ndani ya gari aliuliza ni nani anayewafundisha kina mama hao kuogelea. Nililifurahia swali hilo kuliko picha zote tulizopiga.

Msitu wa Jozani uko katika njia hiyohiyo, kiasi cha kilomita 35 kutoka mjini, na familia nyingi huuchanganya na pwani katika siku moja. Sisi tuliacha kufanya hivyo. Msitu unastahili siku yake, kwani mtoto akiharakishwa huona kima wawili watatu, akapigwa picha, basi. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, ina ukubwa wa karibu kilomita 50 za mraba, na ndani yake wamo kima punju, ambao asili yao ni Unguja tu na si penginepo duniani. Wachache walipelekwa msitu wa Ngezi, Pemba, katika miaka ya 1970. Wale wanaoishi karibu na mashamba, ng'ambo ya barabara, wamezoea watu, hata mtoto anaweza kuwaona wakila majani machanga hatua chache tu kutoka alipo. Muongozaji huwaomba wageni wasiwakaribie mno wala wasiwape chakula, kwa kuwa maradhi ya binadamu huweza kuwapata na wao.

Safari yetu ya mwisho huko muongozaji aliwaambia watoto habari ya makaa. Majani ya mwembe na ya mkungu, ambayo kima hawa huyapenda, yana vitu vinavyovuruga tumbo, nao hutafuta vipande vya makaa kwenye matanuri ya zamani wakavila, maana makaa huvinyonya vitu hivyo. "Mama, kumbe na wao wana dawa yao ya tumbo?" aliuliza mwanangu wa kiume, na tangu siku hiyo ametaka kujua kila mnyama hujitibu kwa nini. Tulipotoka, muongozaji akawaonyesha matuta yaliyowekwa barabarani. Kabla ya hapo magari yaliwagonga kima wengi mno, na matuta yakaipunguza idadi ya vifo. Ningependa kila dereva wa gari ya shamba apite pale akiwa na mtoto wake kando yake.

Sehemu ninayoipenda zaidi Jozani ni njia ya mbao iliyopita juu ya mikoko. Maji yakipwa, watoto huona mizizi ya mkoko iliyosimama kama magongo na mizizi ya mchu iliyochomoza kutoka matopeni ikitafuta hewa, na kaa wanaoingia na kutoka mashimoni. Maji yakijaa, hapohapo hugeuka pahali pa kukulia samaki wachanga. Tumekwisha kupaona katika hali zote mbili, na watoto walikataa kuamini kwamba ni mahali pamoja.

Kisiwa cha Changuu ni safari fupi zaidi, nusu saa hivi kwa boti kutoka ufukwe wa mjini, na inafaa kwa familia yenye watoto wadogo sana. Kobe wakubwa waliopo asili yao ni Aldabra. Wanne wa mwanzo waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919 wakiwa zawadi, wakazaana, kisha wizi ukakaribia kuwamaliza mpaka walipojengewa uzio katika miaka ya 1990. Watoto huwalisha mchicha na kusoma umri ulioandikwa kwa rangi kwenye magamba yao. Jela iliyojengwa kisiwani mwaka 1893 haikupata kufungiwa wafungwa. Ilitumika kuwaweka karantini abiria wa meli walioshukiwa kuwa na maradhi. Tunapanda boti yenye majaketi ya kuokolea yanayowatosha watoto, na tukiyakuta ni ya watu wazima tu hushuka tukatafuta nyingine, hata kama nahodha ni mtu tunayejuana naye.

Nungwi tunakwenda kwa ajili ya kasa wa Mnarani na mafundi wa majahazi, na Kidichi kwa ajili ya hamamu ya mwaka 1850 na mashamba ya viungo, ambako mtoto anayejua hiliki na kungumanga kwa harufu ya jikoni tu huona mti wake kwa mara ya kwanza. Kizimkazi tunakwenda kwenye msikiti wa Dimbani, wenye maandishi ya Kikufi yanayoutaja mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Pomboo wa huko hatuwafuati. Nimeona boti nyingi zikilizunguka kundi moja, watu wakijirusha majini juu yao, na sitaki wanangu wajifunze kwamba hivyo ndivyo kiumbe hupendwa.

Siku tusiyo na gari wala fedha, bamvua hutufaa hata mjini. Alasiri maji hujaa mpaka ukutani Forodhani, na vijana hupiga makachu, wakikimbia na kujirusha kwa mitindo ambayo watoto huiga kitandani usiku. Tunanunua urojo, tunakaa ukutani mpaka adhana ya magharibi, na safari nzima imekwisha kwa nauli ya daladala.

Kinachonihuzunisha ni kusikia wazazi wenzangu wakisema kwamba Jozani, Changuu na Mnarani ni mahali pa wageni. Kiingilio cha mwenyeji ni kidogo sana kuliko cha mgeni, na waongozaji ni vijana wetu wanaojua kusema na watoto kwa Kiswahili. Nimekutana na wanafunzi wa mjini wenye umri wa kuingia sekondari ambao wanaweza kutaja wanyama wa Serengeti lakini hawajapata kumwona kima punju, na kima huyo wangemfikia kwa daladala ya Makunduchi asubuhi moja.

Kwa hiyo safari ijayo hatutakwenda peke yetu. Tumekubaliana na majirani kuchangia kukodi gari moja, watoto wa mtaa wetu wakae pamoja, bibi akae mbele, na wazazi wawili wazima kwa kila kundi la watoto watano wakifika penye maji. Tumechagua Jozani, si pwani, kwa kuwa siku hiyo bahari itakuwa imejaa asubuhi na baadhi ya watoto hao hawajui kuogelea. Mwenye mtoto anayetaka kwenda aniambie mapema, ili tujue idadi ya viti na ya vyakula.