Kibao cha Locanda, Kutoka Bologna Hadi Venice

Kutoka stesheni ya Bologna, Italia, nilifuata Via dell'Indipendenza hadi Piazza Maggiore, mwendo wa kama dakika 20, karibu wote chini ya baraza za matao. Vibao vya milangoni ni albergo, osteria na locanda. Mgeni huvifasiri vyote "nyumba ya wageni", ndipo anapopotea na begi lake.

Albergo ni hoteli ya kulala, yenye nyota zake. Osteria ni nyumba ya mvinyo. Osteria del Sole, iliyopo tangu 1465 kwenye kichochoro cha Vicolo Ranocchi, hata haipiki: mkate na vipande vyembamba vya mortadella, soseji nene ya nyama ya nguruwe, unanunua maduka ya jirani, unaingia navyo, ndani unalipia kinywaji. Kitanda hakuna.

Locanda ndilo neno lenye mtego. Limetokana na Kilatini locare, kupangisha. Maana yake ya asili ni "ya kupangishwa". Desturi yake ni jiko chini na vyumba vichache juu. Lakini siku hizi mikahawa mingi hujiita locanda kwa sababu jina linanukia ukale, wala haina godoro. Kituruki kililichukua likawa lokanta, mahali pa kula tu. Misri, lokanda ni gesti ya bei nafuu. Kwetu si ajabu: hoteli ngapi zinauza chai na chapati bila kitanda hata kimoja? Kwa hiyo tafuta kibaoni neno camere, yaani vyumba. Ukiona completo, vimejaa.

Kwenda Venice kwa treni ya mkoa, gonga mhuri tiketi ya karatasi kwenye mashine kabla ya kupanda, la sivyo utatozwa faini. Usishuke Mestre, huko bado ni bara. Ngoja Santa Lucia, stesheni ya Venice yenyewe. Kuanzia hapo madaraja ni ya ngazi, na locanda nyingi za majumba ya zamani hazina lifti: begi liwe la kubebeka mkononi.

Mapokezi wataomba pasipoti, kwa kuwa sheria inawataka wapeleke taarifa za mgeni polisi ndani ya saa 24. Kodi ya kulala, tassa di soggiorno, huhesabiwa kwa kichwa kwa usiku, na mara nyingi haimo kwenye bei uliyoambiwa. Mezza pensione ni kifungua kinywa na mlo mmoja, kwa kawaida chakula cha jioni. Uliza kama vinywaji vimo, kwani mara nyingi havimo. Na uliza jiko linafunguliwa saa ngapi: ukifika saa kumi alasiri, mara nyingi utakuta limefungwa hadi saa moja au moja na nusu usiku.