Uzoefu wangu: kutambua kiwanda kwenye sarafu za Qianlong

Sarafu za Qianlong, mfalme wa China (1736–1795), zile za tundu la mraba, zina herufi nne za Kichina mbele. Kiwanda kilichozisubu kimeandikwa nyuma kwa Kimanchu, lugha ya Wamanchu waliotawala China wakati huo. Mimi Kimanchu sikisemi, na kwa kazi hii si lazima.

Naanza na mkao. Za mbele husomwa juu, chini, kulia, kisha kushoto. Zikishakaa wima, naigeuza sarafu kama ukurasa wa kitabu. Neno la kushoto ni Boo karibu kila mara, nalipita. La kulia ndilo kiwanda: Su ni Suzhou, Je ni Zhejiang, Yun ni Yunnan. Chiowan na Yuwan ni vya Beijing, cha kwanza cha wizara ya mapato, cha pili cha wizara ya ujenzi. Hivi viwili huwakwamisha wengi kwa sababu mkia ni uleule, kwa hiyo tazama kichwa cha neno, yaani juu, maana Kimanchu huandikwa toka juu kwenda chini. Kwa Yun na Yuwan ni kinyume: vichwa vinafanana, mkia ndio unaoamua.

Kinachobaki ni nukta. Nukta kulia kwa uti (mstari wa wima wa neno) huifanya k kuwa g, kiduara huifanya h. Nukta kushoto ni n. Ni ndogo mno na kutu ya kijani huziziba. Nalaza tochi ubavuni mwa sarafu ili vivuli virefuke, au naweka karatasi nyembamba juu na kupitisha penseli laini.

Kutu nailainisha kwa maji yaliyochujwa ya betri, yale yasiyo na asidi, nikiyabadilisha kila siku, halafu kijiti cha mwanzi. Ndimu na ukwaju hapana! Asidi hula zinki iliyochanganywa na shaba, uso unabaki mwekundu, na sarafu ya Beijing inafanana na zile za Yarkand na Aksu huko Xinjiang, zilizokuwa karibu shaba tupu.

Uzito wa kisheria ulikuwa qian 1.2 (qian ni kipimo cha Kichina cha uzito), kama gramu 4.5, nyingi ni pungufu kidogo. Ukingoni tafuta mikwaruzo ya tupa, maana zilitungwa kwenye fimbo na kusuguliwa kwa pamoja. Ukingo wenye mshono wa kalibu unatia shaka.

Za nasaba ya Ming, iliyotawala kabla ya Wamanchu, ni habari nyingine. Yongle Tongbao, sarafu ya mfalme Yongle, kama ile iliyopatikana kisiwani Manda, Kenya, na kutangazwa mwaka 2013, nyuma ni tupu. Ukiletewa Yongle yenye Kimanchu mgongoni, huyo anakuuzia pambo.