Pete Tatu Vidoleni

Mjusi chui akikaribia kujivua ngozi, madoa yake hufifia na mwili huwa kama umepakwa unga. Usiku huivua ngozi yote na kuila, kwa hiyo asubuhi ile sikushangaa kutokuta hata kipande. Nilipomwinua mjusi wangu kwenda kwenye mizani ndipo nikaziona: pete 3 nyeupe za ngozi kuukuu kwenye vidole vya mguu wa nyuma wa kulia, na kidole cha nne kimevimba, chekundu.

Ngozi iliyosalia kidoleni hukauka ikakaza kama uzi, damu ikakosa njia, na ncha ikafa. Nilipotazama kwa lenzi nikakuta matabaka mawili. Yaani hata alipojivua mara ya mwisho kuna ngozi iliyobaki, nami nikapitiwa.

Nilichukua kopo la plastiki lenye kifuniko kilichotobolewa, nikatandika taulo ya karatasi ili asiteleze, maana vidole vyake havinati kama vya mjusi kafiri. Maji yalikuwa ya nyuzijoto 30 kwa kipimajoto, si kwa kukisia kwa mkono, na kina chake kiliishia kwenye vifundo vya miguu. Alikaa dakika 20, yalipopoa niliyabadilisha. Kisha nikashika kijiti cha pamba kilicholowa na kukibiringisha kuanzia shina la kidole kwenda nchani. Koleo ndogo niliitumia tu pale ukingo wa ngozi ulipokwisha kunyanyuka wenyewe.

Pete 2 zilitoka. Ya tatu iligoma, nikaacha. Ukilazimisha unachuna ngozi hai, na mjusi akipata hofu anaweza kuukata mkia, ambao ndio ghala lake la mafuta. Unaoota baadaye huwa kinundu tu. Nilirudia jioni ya pili na ya tatu, ndipo ikatoka. Lakini ncha ilikuwa imeshakuwa nyeusi. Haikutoa usaha wala weusi haukupanda, la sivyo ningemkimbiza kwa daktari wa mifugo. Baada ya wiki 2 ilidondoka kavu.

Kosa lilikuwa kwenye sanduku la unyevu, yaani kijisanduku chenye karatasi zilizolowa anamoingia ili ngozi ilainike. Lilikuwepo, tena lenye tundu zuri la kuingilia, ila nilikuwa nimelisogeza hadi katikati ya mkeka wa kupasha joto, sakafu ikiwa na nyuzijoto 32. Kila jioni nilinyunyizia maji juu, nikagusa juu, nikaridhika. Chini karatasi zilikuwa kavu kama biskuti. Nikaliweka nusu juu ya mkeka, nusu nje, na nikawa nabinya karatasi za chini kwanza. Kunyunyizia tangi zima, kama wengi wanavyoshauriana, sikufanya: huyu ni mnyama wa nchi kavu za Afghanistan na Pakistan, na matandiko yanayolowa kila siku humpa maradhi ya ngozi.

Kopo la vitamini nalo nililitupa, kwani lilikuwa limefunguliwa zaidi ya mwaka, na upungufu wa vitamini A huifanya ngozi ing'ang'anie, hasa machoni. Poda ya kalsiamu yenye vitamini D3 niliendelea kuwapaka nyenje anaowala kama kawaida.

Wiki ya tano alijivua tena. Nilimulika kwa tochi mguu mmoja mmoja: vidole 19 na nusu, vyote safi. Nikamrudisha tangini.