Musa hakuwafukuza

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Tafakari ya wiki hii inaanzia kwenye aibu yangu mwenyewe, mnivumilie.

Mnajua tuko kwenye mazoezi ya Mikaeli na Watoto, ile sikukuu ya watoto kanisani. Mimi ni mwalimu wa Shule ya Jumapili, na sheria niliitunga mimi: asiye na sare hasimami mbele. Sketi au kaptula ya bluu, shati jeupe, soksi nyeupe. Jumamosi nikawapanga watoto mistari mitatu, wasio na sare nikawaketisha benchi la nyuma. Walikuwa wanne. Mmoja ni rafiki wa binti yangu, analelewa na bibi yake anayeuza mchicha.

Binti yangu ana miaka saba. Wimbo ulipoanza, akafunga mdomo. Nikamkazia macho. Akatoka kwenye mstari, akaenda kuketi kule nyuma, akasema kwa sauti, "Mama, huyu ndiye anaujua wimbo kuliko sisi wote. Kwa nini haimbi?" Nikamwita mkaidi mbele ya wenzake. Nyumbani nikamsomea Waefeso 6:1, "Enyi watoto, watiini wazazi wenu katika Bwana," nikafunga Biblia. Mstari wa nne, ule wa kutowachokoza watoto, sikuufikia. (Najua unawataja akina baba. Nami nilitaka kujificha hapo hapo.)

Jumatatu ratiba yangu ya kusoma ikaniangusha Hesabu 27. Binti watano wa Selofehadi, Hogla, Milka na dada zao, wamesimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, mbele ya Eleazari kuhani, mbele ya wakuu na mkutano wote. Baba yao amekufa jangwani, hakuacha mwana wa kiume, na kwa utaratibu uliokuwepo jina lake linafutika na wao hawapati kitu. Hawakutukana mtu. Walieleza shauri lao, wakauliza kwa nini iwe hivyo, wakaomba sehemu yao.

Nimeisoma habari hii mara nyingi nikiwatazama wale wasichana. Safari hii nilimtazama Musa. Huyu ndiye aliyepanda Sinai, mbao za amri zilipita mikononi mwake. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema "mnabishana na mimi?", ni yeye. Hakuwaambia ni wakaidi. Hakuwauliza nani amewatuma. Mstari wa tano unasema alileta neno lao mbele za Bwana. Basi! Alikubali kwamba huenda analishika jambo nusu. Na Bwana akajibu kwamba wale binti wamenena lililo haki, wapewe urithi, na ikawa amri kwa Israeli wote. Mungu hakuona ubaya wowote katika swali lao. Mimi na soksi zangu nyeupe nilikuwa nimeuona!

Wapendwa, tunawafundisha watoto kuimba habari za Shadraka, Meshaki na Abednego waliomkatalia mfalme, kisha mtoto akiuliza swali moja mezani tunamwambia, "Nyamaza, mkubwa hajibiwi." Anajifunza lipi? Sheria ya kwanza isiyo ya haki atakayokutana nayo itakuwa ya kwetu: ya sebuleni, ya darasa la Jumapili. Tukimfunga mdomo hapo, tusitegemee aufumbue mbele ya mwingine. Na niseme hili kwa ukali, kwa sababu wengi wetu tunalikwepa. Mtoto tuliyemzoesha kwamba mkubwa hakosei, siku mkubwa mwovu atakapomshika na kumwambia "usimwambie mama," atatii. Atakuwa ametii kama tulivyomfundisha. Walimu wenzangu, wazazi, tuogope hapo.

Sisemi kila "si haki" ya mtoto ni unabii. Nyingi ni za kipande kidogo cha chapati. Hapo kuna kazi ya kumfundisha, kwa upole, aanze kuona na sahani ya mwenzake. Lakini binti yangu alikuwa na sare kamili, hakuna alichokuwa anajidaia. Mithali 31:8, "Fumbua kinywa chako kwa ajili yake aliye bubu," tuliikariri pamoja darasani. Yeye aliisadiki.

Mimi ni mzaliwa wa Kagera. Kwa mila ya Wahaya, mwanamke aliweza kuitumia ardhi ya ukoo, kuiuza hakuruhusiwa. Mwaka 1988 Holaria Pastory aliuza shamba alilorithi kwa wosia wa baba yake, ndugu wa ukoo akamshitaki, na shauri likafika Mahakama Kuu Mwanza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akampa haki yake, akisema mila hiyo haiwezi kusimama mbele ya haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984. Nikiwaza habari yake naona mlango wa ile hema, na ninajiuliza alipokuwa mtoto ni nani aliyemwacha amalize kuuliza.

Jana nilimwomba binti yangu msamaha. Akasema, "Sawa Mama," akaendelea na chai yake. Leo mazoezini nikawaambia watoto wote kwamba sheria ya sare nilikosea, na kila mtu asimame mbele na nguo aliyonayo. Wale wanne wakaja mbio. Kisha kijana mmoja wa mstari wa pili akanyoosha mkono: "Mwalimu, na ile sheria ya kumpigisha magoti anayechelewa?" Nikamjibu kwamba hiyo nayo nitaipeleka mbele za Bwana.

Akauliza, "Lini?"